Mteja Aliyelala Ukutani kwa Mama

Nyumba ya mama yangu iko Mikumi, kando kabisa ya barabara kuu ya kwenda Iringa. Lori la mizigo likipita, vikombe kabatini vinasalimiana. Baba aliijenga kwa tofali za kuchoma, akapiga plasta upande wa mbele, akafariki kabla hajapaka rangi. Kwa miaka mingi ikabaki na uso wa kijivu, kama mtu aliyeanza kujipodoa akapigiwa simu akasahau kuendelea. Hakuna aliyejali. Mama mwenyewe hakujali, mpaka mdogo wangu wa kike alipopata mchumba.

Mchumba alitoka Msowero, kwenye familia iliyohamia kutoka Kanda ya Ziwa pamoja na ng'ombe wao. Ni watu wa kanisa, watu wa mashamba, na habari zilizotufikia zilisema nyumba yao ina vigae chini hadi jikoni. Kijana alikutana na mdogo wangu Morogoro, walikokuwa wakisomea uuguzi. Siku tuliyoambiwa kwamba wazee wa upande wa kijana wanajiandaa kuja kuposa, mama alitoka nje, akavuka barabara, akasimama ng'ambo na kuiangalia nyumba yake kama watakavyoiona wao wakishuka kwenye gari. Alirudi ndani ameshika kiuno.

"Nyumba hii ina sura ya mgonjwa," alisema. "Wakwe hawapokelewi hapa."

Mimi nafundisha sekondari Kilosa, na wikiendi nyingi nilikuwa napanda basi kwenda kumwona. Jumamosi iliyofuata nilikuta kikao cha familia kimeshaanza. Baba mdogo naye alikuwa amekuja kutoka Kilosa ili kukiongoza. Baba mdogo ni mstaafu wa reli, kama alivyokuwa babu yetu, na anavyozungumza ni kama treni ya mizigo: unalisikia neno linakuja kutoka mbali, na huwezi kuvuka mpaka mabehewa yote yamepita.

"Ajenda ni moja," alisema baada ya kusafisha koo. "Rangi."

Mdogo wangu akapendekeza kijani. Baba mdogo akatikisa kichwa. Kijani ni chama, alisema, na ukitia njano kwenye fremu za madirisha inakuwa chama na timu ya mpira kwa mpigo mmoja. Nikasema basi bluu. Bluu nayo ni chama, tena ina mtandao wa simu. Nyekundu ni timu nyingine na mtandao mwingine. Nyeupe ni zahanati. Wagonjwa wataanza kupanga foleni. Krimu ni shule ya msingi. Mdogo wangu akataja pinki kwa sauti ndogo, mama akamuuliza kama tunafungua saluni. Kufikia saa ya chakula cha mchana tulikuwa tumepitia rangi zote zinazouzwa madukani na hatukuona hata moja ambayo mtu anaweza kuishi ndani yake bila kuonekana ameandikishwa mahali.

Kilichomuumiza mama zaidi ni jirani. Jirani yetu ni mwanamke anayeuza vitumbua na chai kwa abiria, na nyumba yake ilikuwa imepakwa rangi nyekundu bure na kampuni ya simu, kwa sababu inaonekana barabarani. Tangu siku ile hakuwa akisema "mtandao" kama watu wengine. Alikuwa akisema "mtandao wetu". Simu zikisumbua, alikuwa anatoka nje na kutuomba radhi.

Kikao kikafungwa bila rangi. Baba mdogo alisema suala linahitaji muda, akaondoka na kuku.

Wiki hiyohiyo jirani alimleta kijana mmoja kwa mama. Alikuwa amevaa shati la zambarau na tai, ameshika kishikwambi kifuani kama padri anavyoshika misale. Alijitambulisha kuwa afisa masoko wa kampuni ya magodoro. Mama alinisimulia mazungumzo yao mara nyingi sana baadaye, kila mara kwa hasira mpya, kwa hiyo nayajua kama vile nilikuwepo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, ukuta wako una macho."

Mama aligeuka kuuangalia. "Macho ya nani?"

"Ya abiria, mama. Kila basi linalopita, macho yote yanatua hapa. Huu ukuta ni rasilimali. Umekaa tu, haufanyi kazi."

Mama alisema hajawahi kusikia mtu akilalamika kwamba ukuta umekaa tu. Lakini kijana aliendelea. Kampuni itapaka rangi bure, rangi ya mafuta, inayofutika kwa kitambaa. Mwenye nyumba hatoi chochote. Kinachotakiwa ni rangi ikae miaka miwili bila kuguswa.

"Rangi gani?" mama aliuliza.

"Zambarau."

Hapo mama aliomba dakika moja, akaingia chumbani na kumpigia baba mdogo. Baba mdogo alipitisha vyama na timu kichwani kimoja baada ya kingine, simu ikiwa sikioni. Mwishowe alitoa hukumu: "Zambarau ina chama, lakini hakijafika Mikumi. Chukua." Mama akaongeza moyoni kwamba zambarau ni rangi ya Kwaresima, kwa hiyo ina heshima yake.

Alirudi nje akauliza kama watapaka na upande wa nyuma, ambako ndiko kuna jiko, kamba za nguo na kiti chake cha kukalia jioni.

Afisa masoko alicheka. "Mama, nyuma nani anapita?"

"Mimi," alisema mama.

Kijana alidhani ni utani, akacheka tena. Kisha akasema kutakuwa na maandishi kidogo mbele, na kwa vidole akaonyesha ukubwa wake: kama daftari hivi. Mama akakubali.

Jumamosi niliyokwenda kuiona nyumba mpya, nilishuka njia panda nikatembea kwa miguu kama kawaida, nikafika kwa jirani, nikafika kwenye gereji ya pikipiki, ndipo nikashtuka kwamba nimepita. Nimeipita nyumba niliyokulia. Nilirudi taratibu nikiwa nimeinua kichwa.

Ukuta wote wa mbele ulikuwa zambarau, tena zambarau ya kung'aa, ya mbilingani iliyooshwa. Kutoka ukingo wa bati hadi usawa wa madirisha kulikuwa na herufi nyeupe, kila moja ndefu kuliko mimi: LALA KWA RAHA. Dirisha la chumba cha mama lilikuwa limeangukia kwenye tumbo la herufi A. Na chini ya herufi, kuanzia dirisha la sebule hadi upande wa pili wa mlango, lilichorwa godoro kubwa, na juu ya godoro alilala mwanamke. Alikuwa amevaa gauni la kulalia lenye mikanda myembamba mabegani. Mguu mmoja ulikuwa umetoka nje ya godoro hadi juu ya goti. Macho ameyafumba, na anatabasamu. Mlango wa nyumba ulikuwa katikati ya godoro, kwa hiyo mtu yeyote aliyetaka kuingia kwetu ilibidi apite kitandani kwa yule mwanamke, karibu na kiuno.

Mama alikuwa ameketi barazani, ameupa ukuta mgongo, uso umekaza.

"Umemwona?" aliniuliza.

"Nimemwona, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umemwona anavyotabasamu?"

Alinieleza ilivyokuwa. Siku ya kuchora picha alikuwa amekwenda kwenye sala za jumuiya ya kanisa. Alipoondoka aliacha ukuta wa zambarau, mtulivu, akashukuru Mungu njia nzima. Aliporudi alimkuta fundi yuko juu ya ngazi, anamalizia kidole kikubwa cha mguu.

"Huyu ni nani?" mama alimuuliza.

"Ni mteja, mama," alijibu fundi.

"Mteja wa nani?"

"Wa godoro."

"Amelala na nani?"

"Peke yake, mama."

"Sasa mbona anatabasamu?"

Fundi alifikiri kidogo, brashi mkononi. "Godoro ni zuri, mama."

Matatizo yalianza jioni ileile. Dereva wa lori la kwenda Zambia aliegesha mbele ya nyumba, akashuka na taulo begani, akabisha hodi na kuuliza chumba. Mama akamwambia hapa si gesti. Yule dereva hakuwa mkorofi. Alirudi nyuma hatua kadhaa, akausoma ukuta, akamwangalia mwanamke, akamwangalia mama. "Sawa, mama," alisema kwa upole. "Labda mmejaa."

Baada yake walikuja wengine. Wapo walioomba chumba chenye choo ndani. Yupo aliyeuliza kama bei ni pamoja na chai. Mchana walikuja wa aina nyingine, waliotaka godoro. Wanandoa walioshuka kwenye basi la Mbeya walimwomba mama awaonyeshe sita kwa sita, mama akawaambia hana, mwanamke akachungulia ndani akaona makochi, akamwambia mumewe kwa kunong'ona, "Ana mzigo, anauficha. Wanasubiri bei ipande." Jirani naye hakusaidia. Alikuja na sahani ya vitumbua, akatazama huku na huku.

"Mama Mwalimu, mbona hukutuambia umefungua?"

"Sijafungua chochote."

"Sawa. Mimi naelewa, mambo ya biashara ni siri. Ila mimi nauza chai, wewe unalaza. Tunaweza kushirikiana."

Halafu ikawa zamu yetu ya kupokea sala za jumuiya. Wanajumuiya walikuja, wakapita mbele ya godoro mmojammoja wakiangalia chini, wakakaa barazani kwa sababu ndani joto lilikuwa kali. Katekista alisimama kufundisha, na somo la wiki hiyo lilikuwa juu ya kukesha. Alitusihi tusiwe watu wa kulala. Alitusihi kwa bidii, jasho linamtoka, na juu ya kichwa chake herufi nyeupe zilikuwa zikitushauri kinyume. Niliona macho ya wazee wawili wa kanisa yakihama kutoka kwa katekista, yanapanda, yanasoma, yanashuka hadi kwenye goti la mteja, yanakaa hapo. Mama naye aliyaona. Sala zilipokwisha aliingia chumbani kwake akampigia simu afisa masoko. Sisi tulikuwa sebuleni, na kuta za ndani za baba si nene.

"Nataka huyu mwanamke avae," mama alisema.

Kijana alimweleza kwamba picha ile haiwezi kuguswa, ni sehemu ya chapa, na imepitishwa Dar es Salaam.

"Imepitishwa na nani?"

"Na kamati, mama."

"Kamati ina wanawake?"

"Yupo mmoja."

"Mwambie akalale yeye ukutani kwake."

Akakata simu. Hapo ndipo alipoamua kulimaliza jambo mwenyewe. Aliulizia yule fundi aliyechora, akaambiwa bado yupo Mikumi, anachora ng'ombe kwenye ukuta wa bucha. Alimfuata, akamsubiri amalize pembe, akamleta nyumbani. Fundi hakuwa na kipingamizi kikubwa. Kampuni ilikuwa imeshamlipa, na kwa maelezo yake, goti lile halikumridhisha hata yeye.

"Mfunike na shuka," mama alimwagiza.

"Nimfunike mpaka wapi?"

"We anza, nitakwambia."

Mdogo wangu alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Fundi alianza miguuni na rangi nyeupe, kwa sababu ndiyo iliyobaki kwenye kopo. Alifunika goti. Mama, aliyekuwa amesimama ng'ambo ya barabara, akapunga mkono: panda. Akafika kiunoni. Panda. Akafika kifuani, akageuka kuuliza kwa macho. Panda. Akafunika mabega na ile mikanda yake, akafika kidevuni, akashuka kwenye ngazi na kuanza kuosha brashi, akidhani kazi imekwisha. Mama alivuka barabara akaja kuangalia kwa karibu.

"Bado anatabasamu," alisema.

"Mama, ni uso tu uliobaki."

"Huo uso ndio wenye maneno. Funika."

Fundi akapanda tena akafunika uso.

Mdogo wangu alinipigia simu usiku huo. "Dada, sasa amevaa," aliniambia. "Lakini njoo uone mwenyewe."

Sikuweza kwenda mapema, maana kidato cha nne walikuwa na mitihani ya majaribio. Wakati huo mama alikuwa na furaha kuliko alivyokuwa kwa miezi mingi. Madereva wa malori hawakubisha tena hodi. Wanunuzi wa magodoro walikoma. Mabasi yalipofika mbele ya nyumba yalikuwa yakipunguza mwendo, na mengine yakipunguza muziki. Mama alisema hivi ndivyo nyumba ya heshima inavyopitwa. Jirani pekee ndiye aliyekuwa akimwangalia kwa huruma na kumletea uji asubuhi bila kuombwa, na mama alidhani amejirekebisha.

Siku ya wageni ilifika. Nilikuja alfajiri kutoka Kilosa pamoja na baba mdogo, aliyekuwa amevaa koti lake la kustaafia. Tulipokaribia nyumba nilisimama. Ukuta wa zambarau. Maandishi LALA KWA RAHA. Na chini yake, kuanzia dirishani hadi ng'ambo ya mlango, mtu amenyooshwa chali, amefunikwa shuka jeupe kutoka vidole vya miguu hadi utosini.

"Baba mdogo," nilisema, "unaona ninachokiona?"

Baba mdogo aliangalia kwa makini. "Wamepaka mikono miwili," alijibu. "Rangi imeshika vizuri."

Hapakuwa na muda wa kubishana. Sufuria zilikuwa jikoni, pilau inataka mtu. Akina mama wa jumuiya walikuwa wamejipanga barazani wamevaa sare, tayari kwa vigelegele. Saa nne hivi tuliona gari aina ya Noah linatoka upande wa Kilosa na kukata kona taratibu. Lilipofika mbele ya nyumba likapunguza mwendo, likakaribia kusimama, halafu likaendelea. Likapotea. Baada ya muda likarudi, likapita tena polepole, nyuso zimebanana kwenye vioo, likaenda kusimama kwa jirani.

"Wanaona aibu kufika wa kwanza," alisema baba mdogo.

"Wakwe wenye adabu," alisema mama.

Walikaa kwa jirani muda mrefu. Walipotokea walikuwa wanatembea kwa miguu, mzee wao mbele, kofia mkononi, kichwa kimeinama. Wanawake nyuma yake walikuwa wamejitanda kanga juu ya vitenge vyao vya sherehe. Hakuna aliyebeba kitu. Walipoingia uwanjani, akina mama wa jumuiya wakapiga vigelegele vya nguvu, vile vya kupokezana, na mmoja akaanza kucheza.

Sijawahi kuona watu wameduwaa kama wale. Mama wa kijana alimshika mkono mumewe. Mzee akasimama katikati ya uwanja, akatutazama mmoja baada ya mwingine kama mtu aliyeingia kwa bahati mbaya kwenye kijiji cha wachawi mchana kweupe. Lakini alikuwa mtu mzima aliyelelewa. Akavumilia, akapita godoroni akijikunja asiguse ukuta, akakaa sebuleni alipoonyeshwa.

"Poleni sana," alisema.

"Poleni ninyi mliosafiri," alijibu baba mdogo kwa uchangamfu.

"Sisi safari si kitu. Tumepokea kwa mshtuko."

"Ah, ndivyo tunavyopokea hapa," alisema baba mdogo. "Na bado. Mkishakula mtaona wanavyocheza."

Mzee akainama kuwasikiliza wenzake waliokuwa wakinong'ona, akainuka tena. "Wazee wenzangu, tulikuja na jambo letu, jambo la heri. Lakini kwa hali tuliyoikuta, tumeona tulisogeze mbele. Hatuwezi kutaja harusi hapa leo."

Nyuma ya pazia la korido sinia ya glasi ilianguka. Huyo alikuwa mdogo wangu. Baba mdogo alisimama, koti likakaza mabegani, nikajua treni imeondoka stesheni.

"Mmeona nini kwetu?" alisema. "Nyie ni wageni wetu, tumewapikia, tumepaka na rangi. Kama mtoto wetu ana kasoro, semeni. Kama ni ukoo, sisi ni watu wa reli toka babu, hatuna la kuficha. Tajeni mlichokiona!"

"Tumekiona kwa macho yetu, mzee. Pale nje."

"Pale nje kuna nini?"

Mzee alishusha sauti. "Marehemu."

"Marehemu yupi?" aliuliza mama, na sasa naye alikuwa amesimama.

"Huyo mliyemlaza ukutani."

Nje, mama wa jumuiya aliyekuwa akicheza alikuwa bado anaendelea. Tulisikia miguu yake. Mama yangu alinyoosha kidole kuelekea mlangoni.

"Yule?" alisema. "Yule ni mteja."

"Mteja wa nini?" aliuliza mama wa kijana.

"Wa godoro."

"Kwani hajafa?"

"Amelala!"

Mama wa kijana ndiye aliyeanza kucheka. Alijaribu kujizuia kwa kanga, ikashindikana, akaangukia bega la mumewe. Akatueleza huku machozi yanamtoka kwamba walipoona ukuta walibishana sana ndani ya gari. Wengine walisema warudi. Mumewe akasema hapana, huenda hiyo ndiyo mila ya watu wa reli, wakifiwa wanamchora marehemu nje ili treni zote zimwone. Walipomuuliza jirani kama kweli kuna msiba, jirani aliwaambia kwamba hata yeye hajaambiwa, kwamba mama hataki kulizungumza, ila amekuwa akimpelekea uji.

"Na hivyo vigelegele sasa!" alisema. "Nikamwambia mzee, hawa watu wamefiwa na mtu waliyekuwa wanamchukia."

Hapo hata mzee alicheka. Baba mdogo alikuwa wa mwisho, kwa sababu bado alikuwa na mabehewa mengi ya hotuba, lakini naye aliishia kukaa chini akipangusa macho. Mama peke yake hakucheka. Alimshika mkono mama wa kijana, akamtoa nje, akamvusha barabara. Nilifuata nikiwa na wasiwasi. Walisimama ng'ambo, bega kwa bega, wakiutazama ukuta.

"Alikuwaje mwanzo?" aliuliza mgeni.

Mama alimweleza kila kitu: mikanda, goti, lile tabasamu.

Mgeni alifikiri. "Ungemfikisha hapa," alisema, akigusa kifua chake. "Kichwa ungekiacha nje. Ukifunika kichwa, dada, hapo umeshazika."

"Ungeuona ule uso usingesema hivyo," alijibu mama. Kisha, mara ya kwanza tangu kopo la zambarau lifunguliwe, alianza kucheka, akacheka mpaka akaketi kwenye jiwe la barabarani.

Posa ilipokelewa siku ileile. Vifurushi vilitolewa kwenye Noah, wanawake walivua kanga, na yule aliyekuwa akicheza uwanjani alipata wenzake.

Haikupita muda afisa masoko akaja. Abiria fulani alikuwa amepiga picha ukuta wetu akiwa kwenye basi, akairusha kwenye makundi ya simu na maneno yake mwenyewe chini, kwamba hili godoro ukililalia huamki. Picha ilizunguka mpaka ikafika Dar, kwenye kamati. Kijana alisimama mbele ya nyumba, tai imelegea.

"Mama," alisema, karibu kulia, "umemuua mteja wetu."

"Alikuwa anakufa kwa baridi," alijibu mama. "Nimemfunika."

Kijana aliuliza kama mama anajua gharama ya jina la kampuni kuhusishwa na maiti. Mama akamuuliza kama yeye anajua ugumu wa kuongoza rozari chini ya goti la mtu. Hawakuelewana. Mwishowe kamati iliamua kwamba ukuta ule hauwafai tena kwa namna yoyote, na jina lao lisionekane hapo hata kidogo. Wakaleta mafundi wengine na makopo mapya, wakafuta herufi, wakafuta shuka, wakafuta godoro, mikono mitatu ya zambarau tupu, bure. Waliogopa sana kitu kisije kikachungulia, kwa hiyo walipaka kwa uangalifu ambao sijauona kwenye nyumba ya mtu mwingine yeyote. Ikabaki nyumba nzuri, tulivu, isiyo na neno. Jirani aliiangalia kwa wivu wa wazi, na nikamsikia akimuuliza mmoja wa mafundi inachukua maiti ngapi kupata kazi safi namna ile.

Ila makonda hawakusahau. Wao walikuwa wameshapafanya pale kituo, wakakiita Godoroni. "Godoroni wapo? Godoroni shusha!" Baba mdogo alikwenda kulalamika kwa mwenyekiti wa kitongoji, na mwenyekiti alimsikiliza mpaka behewa la mwisho, kisha akamuuliza, "Mzee, wewe umeshukia wapi?" Baba mdogo akaaga. Mama alisusa. Kwa muda alikuwa anashuka kituo kinachofuata na kurudi kwa miguu na mizigo yake, badala ya kulitamka neno hilo mbele ya konda.

Harusi ilipokaribia nilikuwa nyumbani, nachambua mchele nyuma ya nyumba, na mama alikuwa kwenye simu na shangazi yetu wa Dumila, ambaye hajawahi kufika Mikumi. Shangazi alikuwa haelewi maelekezo. Mama alimtajia njia panda, akamtajia gereji, akamtajia vitumbua. Bado shangazi alikuwa anauliza. Mama akatazama huku na huku, akaingia jikoni, akageukia ukuta na kufunika mdomo kwa kiganja.

"Mwambie konda akushushe Godoroni," alisema.

Alipotoka alinikuta nimeinamia ungo, mabega yanatikisika.

"Unacheka nini?" aliniuliza. "Chambua mchele."